Uliniambia Mlango Umepona

Dada Adela,

Barua hii ni ya kwako peke yako. Nakuomba sana, usimsomee mtu. Najua huko uliko wapo watu wetu wengi. Yupo babu yangu aliyekuwa katekista, yupo baba yako ambaye sikuwahi kumwona, na yupo yule mama mwenye nyumba wetu wa kwanza, aliyependa habari za watu. Watakuuliza nani kakuandikia. Waambie ni mambo ya ofisi. Kama huko karatasi zinachanika, ukimaliza ichane. Sijamwambia mtu yeyote aliye hai yaliyomo humu, na sehemu yake moja nimemdanganya mama yako mzazi, uso kwa uso, kikombe chake cha chai kikiwa mkononi mwangu.

Nilitaka kuanza na neno "mpendwa". Nimeliandika mara mbili, nikalikata mara mbili. Utanisamehe, au hutanisamehe. Leo mimi ndiye niliyekasirika.

Nianze na habari za kawaida, maana nimezoea kukupa hizo kwanza. Ofisini kiti chako amekaa dada mmoja aliyehamishwa kutoka Kilosa. Si mbaya, ila anagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza inaruka. Masijala imepakwa rangi. Rafu ya chini, ile tuliyopiga magoti mbele yake wiki yangu ya kwanza kazini nikilia kwa sababu faili la mtu limepotea, sasa imewekewa mlango wa kioo. Ulilikuta lile faili ndani ya mkoba wangu mwenyewe, katikati ya kanga na sanduku la chakula. Hukunicheka siku hiyo. Ulinipangusa uso kwa kitambaa chako ukasema, "Yusta, kazi hii ina sheria moja. Unachokiona ndicho unachoandika. Usiandike unachotamani." Niliandika maneno hayo nyuma ya daftari langu. Nilikuamini kwa kila kitu kuanzia siku ile. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Mvua za vuli zimeanza. Asubuhi mlima haujitokezi mpaka saa tatu. Mama yako bado yuko Bigwa kwa mdogo wako Prisca, hajarudi kijijini Mgeta, kwa sababu ya mtoto. Mtoto anakaa sasa. Ana meno mawili ya chini.

Ni kwa ajili ya huyo mtoto na mama yake nakuandikia.

Unakumbuka maikrowevu ilivyokuja. Ulinunua kwa mhadhiri wa Mzumbe aliyekuwa anahama, ukaja nayo nyumbani kwetu kwenye bajaji umeipakata mapajani kama mgonjwa. Ilikuwa nzima, na kitabu chake kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ulipiga pasi nguo za wiki nzima huku mimi nikisoma kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, halafu nikakitafsiri kwa Kiswahili kwenye karatasi ya ofisi na kuibandika ukutani juu ya meza. Usiweke bati wala kijiko cha chuma. Usipashe yai likiwa na ganda lake. Usifunge kifuniko kikabana. Usiiwashe ikiwa tupu. Usiisogeze ikagusa ukuta, iache ipumue. Maji yakichemka humo yaache kidogo kabla ya kuyagusa, yanaweza kufoka. Na la mwisho nililipigia mstari: mlango usipofunga vizuri, usitumie kabisa.

Kesho yake nilikuta umeongeza sheria yako kwa kalamu nyekundu chini ya hiyo: "Na Yusta asikanyage jikoni." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Karatasi hiyo ninayo.

Mwezi wa nne ikagoma. Unafunga mlango, unabonyeza, kimya. Ukaipeleka kwa Rajabu fundi, pale kwenye kibanda chake Mji Mpya, na jioni ya pili ukarudi nayo. Nilikuuliza ilikuwa na nini. Ulisema, "Mlango tu. Umepona." Nikauliza kama ameweka kifaa kipya. Ukasema, "Kipya kabisa, Bi Usalama, hata wewe sasa unaweza kulala." Nakumbuka ulivyokuwa unasema. Ulikuwa unamenya kitunguu na hukuinua macho. Nilidhani ni kitunguu.

Halafu ile asubuhi ya mwezi wa sita. Nilikuwa napasha chai, simu ikaita, nikavuta mlango ule kabla kengele haijalia. Taa ya ndani iliendelea kuwaka. Sahani iliendelea kuzunguka. Ule mlio wake haukukatika. Nilikuwa nimeshapeleka mkono kwenye kikombe, na nikasikia joto kwenye vidole ambalo halikuanzia kwenye ngozi. Lilianzia ndani. Nikaurudisha mkono, nikabamiza mlango, nikakuita. Wewe ulikuwa unafunga kilemba mbele ya kioo. Ukasema, "Inamalizia mzunguko. Ni kama feni, ukiizima haisimami hapo hapo."

Dada, mimi nimesoma fizikia mpaka kidato cha sita. Nilijua kuwa si kama feni. Kitabu kilisema wazi kwamba mlango ukifunguka, kila kitu kinazima papo hapo, na kisipozima mashine hiyo haifai. Miale ile hupasha maji popote inapoyakuta, yawe kwenye uji au kwenye jicho la mtu. Nilikwambia hivyo hivyo. Nilikwambia na sauti yangu ikitetemeka, maana ndivyo nilivyo, natetemeka hata nikisema jambo la kweli. Ukageuka ukanitazama kwa huruma. Sijui kama unakumbuka. Ukasema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Yusta mdogo wangu, hofu yako itakuua kabla ya umeme."

Nikaamini. Hilo ndilo linalonichoma. Vidole vyangu vilikuwa bado vina joto, nikakuamini wewe nikaviacha vidole vyangu.

Ofisini ukawasimulia. Wakati wa chai ulisema, "Huyu akipasha maharage anasubiria barabarani." Mzee wa mapokezi akadakia kwamba siku nikiolewa nitakwenda kanisani nimevaa kofia ya pikipiki. Mlicheka wote, na mimi nilicheka. Tangu hapo nikawa Bi Usalama kwa kila mtu, mpaka kwa Prisca ambaye hakuwepo. Sikukasirika. Nilidhani ni mapenzi. Nikaanza hata kwenda kusali nipunguziwe woga, na padri wa jumuiya yetu akaniambia nisome zaburi. Nikawa nasubiri kengele nikiwa nimesimama kizingitini mwa jikoni, nikiona aibu juu ya nafsi yangu.

Mwezi wa nane malaria ikakupanda kichwani, ukatutoka ndani ya siku nne. Siandiki kuhusu siku hizo. Siwezi bado.

Siku ya arobaini tulikutana Bigwa, kwa sababu vitu vyako vilikuwa mjini na mjomba wako Kosmas hakuona maana ya kuvipandisha Mgeta vigawiwe kisha vishuke tena. Alikuja na koti lake la kijivu, akakaa kwenye mkeka, akasema atagawa kwa desturi ya ukoo wa mama, mbele ya wote, na kila kitu kiandikwe. Kisha akaniangalia mimi. "Wewe binti wa masijala, mwandiko wako nimesikia ukisifiwa. Andika." Nilipewa daftari na kalamu.

Unajua anavyofanya, uliniambia mwenyewe alivyogawa vitu vya bibi yako. Anainua kitu, au anakiwekea mkono kama hakiinuliki, na anasema, "Hiki ni cha marehemu. Mwenye neno juu yake aseme sasa. Kikishatoka hapa, ni cha aliyepewa." Anasema mara tatu. Anasubiri kila mara. Kitanda chako kilipita hivyo. Redio ilipita, ila shangazi yako mmoja alisema, "Hiyo redio imepasuka spika, mwanangu asije akaniambia nimempa kopo," na watu wakacheka kidogo, na nikaandika: redio moja, spika imepasuka. Kwa hiyo ilikuwa rahisi, dada. Shangazi alionyesha ilivyo rahisi.

Halafu mjomba akaweka mkono juu ya maikrowevu. Mara ya kwanza nikanyanyua kichwa. Mara ya pili nikafungua kinywa. Nilimwona mama yako na kanga yake nyeusi, amefumba macho. Nilimwona Prisca amekaza macho kwenye kile kidude kana kwamba wewe mwenyewe umo ndani yake. Nikajiuliza nitasema nini. Kwamba marehemu alisema umepona na mimi sidhani? Kwamba mashine yake ni mbovu, na ushahidi wangu ni vidole vyangu vya mwezi wa sita? Na kabla sijapata jibu, nikakusikia wewe kichwani mwangu, unacheka, "Bi Usalama huyo." Mara ya tatu ikapita. Mjomba akasema, "Apewe Prisca, ndiye aliyeachiana naye ziwa." Na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: maikrowevu moja, nzima.

Sikuona kuwa ni nzima. Nilitamani iwe nzima.

Wiki mbili baadaye pasi yangu iliungua waya, nikaipeleka kwa Rajabu. Alinipa pole ya msiba. Akawa anafungua pasi, akaniuliza bila kuniangalia, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Na ile maikrowevu ya dada yenu mliitupa?"

Nikasema hapana, amepewa mdogo wake.

Akaacha bisibisi. "Amepewa? Si nilimwambia marehemu ile si ya kutumia."

Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu nilimwomba arudie na nikaandika kwenye simu yangu nikiwa nimesimama pale pale juani. Alisema swichi za mlango zilikufa. Alisema spea hakuwa nazo, zilitakiwa kuagizwa Dar. Alisema, "Dada akaniambia wewe iunge tu iwake, nina haraka. Nikaziunga waya moja kwa moja. Nikamwambia, dada Adela, hii sasa itawaka mlango ukiwa wazi, hiyo ni hatari, usimwachie mtu. Itumie wewe mwenyewe kwa uangalifu mpaka spea ije. Akasema sawa." Nikamuuliza kama spea ilikuja. Akasema ilikuja mwezi wa saba, ipo kwenye kopo pale juu, na alikupigia mara mbili. Ulimwambia utapita.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, wakati nilikuwa napita mbele ya kibanda chake kila siku. Alinitazama akaona haya. "Alinikataza," akasema. "Alisema, yule mwenzangu ni mwoga, ukimwambia hatalala. Nikajua mnajuana wenyewe."

Nilikaa kwenye benchi lake. Alinipa maji. Nilisahau pasi pale, mpaka leo sijaichukua.

Adela. Sikuiti dada kwenye sentensi hii. Ulijua. Ulipokuwa unafunga kilemba, ulijua. Ulipowachekesha wale ofisini, ulijua kuwa mimi ndiye niliyekuwa sahihi katika chumba kile. Ungeweza kuniambia, "Yusta, hii ina kasoro, subiri kengele." Maneno machache tu. Ningesubiri kengele. Ningesubiri mwaka mzima bila kulalamika, unanijua. Badala yake ulichukua kitu pekee ambacho Mungu alinipa kwa wingi, huu woga, siku moja ambayo woga huo ulikuwa na kazi ya kufanya, ukaniambia ni ugonjwa. Nimejaribu kukutafutia sababu. Nimesema pengine uliona aibu kwamba umenunua kitu kikaharibika. Pengine uliogopa nitakukataza kukitumia. Pengine hukudhani ni kitu kikubwa. Kila sababu naiweka mezani na kila moja inakwenda mpaka mahali fulani inakatika. Na wewe hupo wa kunijibu, ndiyo maana nimekasirika mara mbili.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bigwa.

Mama yako alinikaribisha vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanishika mkono akakaa nao. Alisema nimekonda. Akaniambia Prisca yuko jikoni anampikia mtoto uji, niende nikamwone.

Nilipofika mlangoni mwa jikoni niliona nilichokuja kukizuia. Mtoto alikuwa mgongoni. Prisca alikuwa amefungua mlango wa maikrowevu wazi kabisa, bakuli la uji linazunguka ndani na taa imewaka, na yeye ameinama na mwiko anakoroga. Uso wake ulikuwa karibu na lile tundu kama mtu anayechungulia chungu jikoni kwa bibi. Akanisikia akageuka anacheka.

"Bi Usalama. Karibu, nilikuwa nakuwaza."

Nikasema, "Prisca, funga mlango."

"Uji utashika mabonge. Hii ndiyo raha yake," akasema, na akaendelea kukoroga. "Maikrowevu za watu ukifungua zinazima, unakoroga, unafunga, unawasha, unakoroga. Hii ya dada unakoroga huku inapika, kama ya kuni. Alinionyesha mwenyewe nilipokuja kwenu kabla ya kujifungua. Aliniambia hii imetengenezwa maalumu."

Maalumu. Nilikwenda kwenye ukuta nikavuta plagi. Nilikuwa natetemeka mpaka nikagonga kikombe kikaanguka. Prisca akadhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Niliwaambia wote sebuleni. Mama yako, Prisca, na Deo mumewe ambaye alikuwa amerudi kutoka shamba la mboga, bado ana matope kwenye viatu. Niliwaambia alichosema Rajabu. Niliwaeleza miale ile ni kitu gani na kwa nini mlango ule ni ukuta wa kuizuia, wala haukuwekwa urembo. Niliwaambia kuhusu macho ya Prisca na kuhusu mtoto mgongoni. Nilizungumza vizuri, nadhani. Mama yako alinipa chai nikiwa naongea, maana hawezi kumwacha mgeni mikono mitupu hata akiwa anaumia.

Deo ndiye aliyeanza. "Huyo fundi anaitaka yeye. Anajua mwenyewe kafa, sasa anawatisha wanawake ili wampelekee."

Prisca akasema, "Nimeitumia kila siku tangu arobaini. Nimeungua wapi? Nionyeshe."

Mama yako akanishika tena mkono, ule usio na kikombe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Yusta. Wewe uliishi nayo. Na siku ile mjomba aliuliza mara tatu, na daftari ulikuwa nalo wewe. Ulilijua hili?"

Hapa ndipo ninapokuomba usimsomee mtu.

Kama ningesema ndiyo, niliona kwa macho yangu mwezi wa sita, nilisikia kwa vidole vyangu, wangeniamini. Yangekuwa maneno ya mtu aliyekuwepo, wala si ya fundi. Lakini wangejua pia kwamba nilikaa kwenye mkeka ule, nikamwona Prisca anapewa kitu kile, nikaandika nzima. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado umeshikwa na mama yako.

Nikasema, "Hapana mama. Sikujua."

Akaniachia mkono. Hakuniachia kwa ukali. Aliuweka tu kwenye paja langu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenzake. "Basi ni maneno ya fundi," akasema. "Na mwanangu hawezi kumfundisha mdogo wake kitu cha kumuumiza. Tusimsemee marehemu."

Ndiyo hivyo. Nilikubebesha lawama peke yako, na kwa sababu nilikubebesha peke yako hakuna aliyeamini. Nilimwomba Prisca angalau asiiwashe mpaka mtu mwingine aiangalie. Akasema, "Sawa, karani wetu," na akanisindikiza mpaka njiani kwa heshima zote. Jumatatu akanitumia picha kwenye simu. Bakuli la uji linatoa moshi, mlango wa maikrowevu umefunguliwa nyuma yake, na chini ameandika: "Tumepona na leo." Akaweka na vile vikatuni vya kucheka.

Jumanne picha nyingine. Jumatano hakutuma, na hiyo ndiyo siku niliyoogopa zaidi. Nilimpigia mara tatu. Alikuwa amekwenda kliniki kupima uzito wa mtoto tu.

Nimekuwa nikifikiri juu ya usaliti, dada. Ni neno kubwa na sijawahi kulitumia kwa mtu ninayemjua. Ulinisaliti, hilo nimeliandika na silifuti. Lakini nilipokuwa narudi kutoka Bigwa, nilijisikia nikirudia maneno yako yale yale. Mama yako aliniuliza swali la kweli, na mimi nikatafuta jibu la kumaliza maongezi. Sahani inazunguka, mlango uko wazi, na mimi nasema inamalizia mzunguko. Labda hata wewe ilikuwa hivyo. Labda siku ile mbele ya kioo hukuwa umepanga kitu, ulikuwa tu unachelewa kazini. Sijui. Sikusamehi kwa sababu hiyo. Ila nimeacha kushangaa umeweza vipi.

Jana wakati wa chakula cha mchana nilimpigia mjomba Kosmas. Nilifunga mlango wa masijala kwanza. Nilimwomba aje Bigwa, aketishe watu, kwa sababu kuna kitu kwenye orodha nilikiandika vibaya. Aliniuliza ni kitu gani. Nikamwambia. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Binti, niliuliza mara tatu." Nikasema, "Ndiyo mjomba. Na mara tatu nilinyamaza." Akasema atashuka Jumapili kwa gari la mboga la alfajiri, na watu watakaa baada ya misa ya pili. Akasema pia nisije na maelezo marefu. Amezoea watu waliosoma kuja na maelezo marefu.

Rajabu amekubali kuja. Atakuja na ile spea kwenye kopo lake, na ataifungua maikrowevu mbele yao, ikiwa imechomolewa, waone nyaya alizounga. Anaogopa Deo atampiga. Nimemwambia mimi naogopa zaidi yake, tutakaa karibu.

Kwa hiyo kesho nitasema yote mawili. Uliyoyafanya, na niliyoyafanya. Nitasema uliambiwa ukaficha, na nitasema niliona nikaandika nzima. Mama yako ataumia kwa mara ya pili mwaka huu, na safari hii nitakuwa nimemuumiza mimi. Inawezekana akaniambia nisikanyage tena kwake. Nimewaza hivyo wiki nzima, na kila nikiwaza namwona Prisca ameinama na mtoto mgongoni, naona bora nifukuzwe.

Sasa nakuaga. Sitakuja kaburini mwezi huu, na si kwa sababu ya mvua wala ya barabara ya Mgeta. Sijui nitasema nini nikifika pale. Nikiwa tayari nitakuja na maua ya nyumbani, si ya plastiki, na nitakaa kidogo. Hiyo ni ahadi ndogo. Kubwa ni hii: nitaogopa kwa sauti. Nikiona kitu hakiko sawa, iwe jikoni, iwe ofisini, iwe mbele ya watu waliovaa nyeusi, nitasema nikiwa natetemeka hivyo hivyo, na mtu akinicheka nitamwacha acheke. Sitamwazima tena mtu mwingine masikio yangu nikaviacha vidole vyangu.

Kama unataka kunijibu, nina haja ya jibu moja tu: ulikuwa unanionaje ulipokuwa unanicheka? Usinijie ndotoni, ndoto zangu zimejaa. Usipitie kwa mama yako, mwache apumzike. Ile nyumba yetu nimeihama tangu mwisho wa mwezi, mwenye nyumba ameweka wanafunzi. Sasa nakaa Kilakala, chumba cha nyuma kwa mama mmoja mstaafu, geti la kijani lenye kutu, ukipita mbwa mweupe asiyebweka. Mbwa huyo akikutazama usimjali. Lakini nyumbani sipo mara nyingi. Njoo ofisini, mchana, saa saba, wenzangu wakiwa wameenda kula. Nakuwa masijala peke yangu, dirisha la upande wa mlimani liko wazi kwa ajili ya hewa. Usiniguse begani. Simama mbali kidogo, kohoa, nitajua ni wewe, nitaweka kalamu chini.

Mdogo wako,
Yusta